Barua ya Wazi kwa Wahariri: Mahojiano na Viongozi Yarudishiwe Kazi Yake

Kwa: Wahariri Watendaji wa redio, televisheni, magazeti na vituo vya mtandaoni, pamoja na watayarishaji wa vipindi vya mahojiano, Tanzania na Kenya.

YAH: MAHOJIANO YA KINA NA VIONGOZI KUHUSU SIASA NA SERA ZA UMMA

Waheshimiwa Wahariri,

Mahojiano ya kina na kiongozi ni kazi ya habari yenye shughuli tatu. Ya kwanza ni kumfanya mwenye mamlaka aeleze uamuzi wake kwa kinywa chake: umeamuliwa nini, kwa sababu gani, kwa fedha ipi, na nani ataumia. Ya pili ni kuyapambanisha maelezo hayo na nyaraka ambazo serikali yenyewe imeziandika. Ya tatu ni kuacha kumbukumbu ambayo mwananchi atairejea miaka miwili baadaye na kusema: hapa aliahidi hivi, na kilichotokea ni hiki. Kipindi kinachokosa zote tatu ni maongezi tu, hata kikirushwa saa mbili mfululizo.

Maongezi ndiyo yaliyojaa hewani. Waziri hufika studio, husifiwa uchapakazi wake, huulizwa wizara imejipangaje, hueleza mafanikio kwa dakika arobaini, kisha hupokea simu tatu za wasikilizaji, mbili kati yake zikiwa za pongezi. Hukaribishwa kama mkwe aliyekuja na barua ya posa: hakuna anayethubutu kumuuliza la maana mpaka ameshaaga. Wasikilizaji wakichoka, lawama humwangukia mtangazaji, huyo aliyeonekana kwenye kioo akitabasamu. Barua hii inaelekeza lawama kwingine, kwenye dawati la mhariri. Hapo ndipo masharti hukubaliwa, ndipo muda wa kujiandaa hutolewa au kunyimwa, na mara nyingi ndipo huamuliwa swali lipi lisirudiwe, kabla kipaza sauti hakijawashwa. Hoja ni saba, na uzito wake haulingani.

1. Masharti yanayokubaliwa nje ya studio

Ofisi za viongozi zina desturi ya kuomba maswali mapema. Ombi huja kwa adabu: Mheshimiwa angependa kujiandaa. Orodha ikirudi, maswali mawili yamefutwa na matatu yameongezwa, na siku ya kipindi afisa habari hukaa chumba cha mitambo akifuatilia moja baada ya jingine. Kipindi kikiwa cha kurekodiwa, jibu lililokwenda kombo huombewa lirudiwe. Msikilizaji haambiwi lolote kati ya hayo. Anasikia mtu akijibu kwa ufasaha, anadhani ni ufasaha wa kujua.

Kumpa kiongozi mada ni halali, tena ni busara. Waziri wa Kilimo akijua ataulizwa kuhusu ruzuku ya mbolea atakuja na takwimu, na takwimu ndizo zinazotafutwa. Kumpa maswali yenyewe, neno kwa neno, ni kumkabidhi uhariri.

Mfano wa zamani unafaa kukumbukwa kwa undani wake. Mwaka 1977 mtangazaji wa Uingereza David Frost alimhoji Richard Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu mwaka 1974 kwa kashfa ya Watergate. Frost alifanya jambo ambalo vyumba vingi vya habari vilililaani, nalo ni kumlipa mhojiwa dola 600,000. Hata hivyo Nixon hakupewa haki ya kuona maswali mapema wala ya kugusa uhariri. Zilirekodiwa takriban saa 29. Mtafiti mmoja wa timu ya Frost, James Reston Jr., alichimbua nyaraka za kesi mjini Washington akapata maandishi ya mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson, na Nixon hakujua kwamba upande wa pili unayo. Kilichofanya mahojiano yale yakumbukwe hadi leo ni ule mkataba na lile faili. Ukali wa sauti ulichangia kidogo sana.

Kinachoombwa ni kila chombo kichapishe masharti yake ya mahojiano, ili afisa habari wa wizara yoyote aweze kuonyeshwa karatasi badala ya kubembelezana kwa simu. Maswali yasitumwe. Mwakilishi wa kiongozi asikae chumba cha mitambo. Pale ambapo sharti limekubaliwa kwa sababu ya msingi, kwa mfano shauri lililo mahakamani, litangazwe mwanzoni mwa kipindi kwa sentensi moja. Na pale ambapo mwandishi amesafiri kwa gari la wizara, akalala hoteli iliyolipiwa na wizara, akapokea posho ya wizara, hilo nalo litangazwe. Habari za bahasha zinajulikana mitaani kuliko wahariri wanavyodhani.

2. Maandalizi

Udhaifu mkubwa wa mahojiano ya sera ni kutosoma, na kutosoma huku hakutokani na uvivu wa mtu mmoja. Mtangazaji anayefungua kipindi saa kumi na mbili asubuhi, anayesoma magazeti hewani saa moja na kumpokea waziri saa mbili, hajapewa muda wa kupitia chochote. Hana mtafiti. Ana karatasi yenye wasifu wa mgeni na mistari minne aliyoiandika akiwa kwenye daladala.

Nyaraka zipo. Tanzania, kila wizara hupeleka bungeni hotuba ya bajeti na randama inayoeleza fungu lake kasma kwa kasma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba ripoti hizo hufika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze. Kenya, Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa za matumizi za kila robo mwaka, na Mkaguzi Mkuu ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Isitoshe, nchi zote mbili zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Tanzania inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu ombi, ya Kenya siku 21. Ni vyumba vichache vya habari vinavyotuma maombi hayo kwa utaratibu, mwezi hadi mwezi, kama sehemu ya kawaida ya kutayarisha kipindi.

Tofauti kati ya aliyesoma na asiyesoma huonekana kwenye swali. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza kukatwa Tanzania tarehe 15 Julai 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, swali lililozunguka studio nyingi lilikuwa: wananchi wanalalamika, serikali inasemaje? Swali hilo lina jibu moja tu, nalo kila waziri analijua: serikali ni sikivu, inalifanyia kazi. Swali la aliyesoma lingekuwa tofauti. Wizara ilipokadiria mapato ya tozo, ilikadiria watu wangapi wataacha kutuma fedha kwa simu? Makadirio hayo yalifanywa na nani, na yako kwenye waraka upi? Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka uleule, kisha ikapunguzwa na kufutwa vipande vipande mwaka 2022. Mlolongo huo wenyewe unaonyesha kwamba swali la makadirio lilipaswa kuulizwa Juni, muswada ukiwa bado mezani.

Mkataba wa bandari ni mfano mwingine. Bunge la Tanzania liliridhia makubaliano kati ya serikali na Dubai tarehe 10 Juni 2023, na maandishi yake yalikuwa yameshazagaa kwenye simu za watu. Kwa wiki kadhaa viongozi walipita studio moja baada ya nyingine. Wapo watangazaji waliokuja na maandishi yale yamepigiwa mistari, wakauliza kuhusu ibara ya 23 inayohusu muda na ukomo, na hao walipata majibu ya kisheria yaliyoweza kupimwa na wanasheria wengine. Wengine waliuliza kama ni kweli bandari imeuzwa. Kiongozi akaapa kwamba haijauzwa, mtangazaji akashukuru, wakaenda kwenye matangazo ya biashara. Waliofaidika na kipindi cha namna hiyo ni wapotoshaji wa pande zote mbili, kwa sababu msikilizaji aliondoka na kiapo mkononi, bila ibara hata moja.

Benjamin Mkapa, aliyepata kuwa mhariri wa magazeti ya Uhuru na Daily News kabla ya siasa kumpandisha hadi Ikulu, hakuficha akiwa rais kwamba aliwaona waandishi wengi wa nyumbani hawajiandai. Kauli hiyo iliwaudhi wengi, na kwa rais ilikuwa kisingizio kizuri cha kuwakwepa. Lakini kisingizio huisha nguvu pale tu anayesingiziwa anapokuja na faili.

Inaombwa basi kila kipindi cha mahojiano kiwe na mtafiti mmoja, hata kama ni kijana wa mafunzo kwa vitendo, mwenye kazi ya kutengeneza faili la mgeni: ahadi alizotoa na tarehe zake, fungu analosimamia, hoja za ukaguzi zilizoelekezwa kwake, na kauli zake bungeni kama zilivyo kwenye Hansadi. Kituo kisichoweza kumlipa mtafiti kipunguze idadi ya wageni. Mgeni mmoja kwa wiki aliyesomewa vizuri ana faida kuliko watano waliopita tu.

3. Swali la nyongeza

Bunge limeweka utaratibu ambao studio zimeshindwa kuuiga. Mbunge akiuliza swali la msingi na kujibiwa, ana nafasi ya maswali ya nyongeza. Waliotunga kanuni walijua kwamba jibu la kwanza la serikali ni la kuandikwa, na ukweli huanza kuonekana kwenye la pili.

Hewani, jibu la kwanza ndilo la mwisho. Mchakato unaendelea. Tuko hatua za mwisho. Fedha zimeshatengwa. Upembuzi yakinifu umekamilika. Kila moja ya kauli hizo ina swali lake la nyongeza ambalo halihitaji elimu kubwa: mchakato ulianza lini na unaisha lini, fedha zimetengwa kwenye kasma ipi, na zimetoka kiasi gani kati ya zilizotengwa? Kutenga si kutoa, na kila mwalimu mkuu aliyesubiri fedha za kumalizia darasa anajua hivyo.

Mpangilio wa kipindi nao huua swali la nyongeza. Tangu Januari 2023 Rais William Ruto amekaa mara kadhaa Ikulu ya Nairobi na waandishi wa vituo mbalimbali kwa pamoja, mahojiano yakirushwa na televisheni nyingi kwa wakati mmoja. Waandishi hao kwa kawaida si wapole, na baadhi ya maswali yao yamekuwa makali kweli. Tatizo ni hesabu ya viti. Kila kituo kinataka sauti yake isikike, kwa hiyo mwandishi wa pili anapopewa nafasi huanza mada yake mwenyewe, na jibu lililokwepwa na wa kwanza linazikwa palepale. Waandishi watatu wanaoulizia mada moja kwa nusu saa wangemweka rais yeyote pagumu. Wakigawana mada kumi na mbili, wanampa nafasi kumi na mbili za kuhutubia.

Hapa inafaa kuwekwa tahadhari. Mwaka 1997 Jeremy Paxman wa BBC alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, swali lilelile karibu mara kumi na mbili, na kipande hicho kimekuwa kama msahafu kwa watangazaji vijana duniani kote. Paxman mwenyewe alieleza baadaye kwamba sehemu ya sababu ya kulirudia ni kuambiwa habari iliyofuata haikuwa tayari. Kurudia swali kwa mbwembwe hakufanyi mahojiano yawe ya kina. Kinachotakiwa ni swali la pili linalotokana na jibu la kwanza, na hilo huzaliwa na kusikiliza.

Ombi: katika mahojiano ya pamoja, wahariri wakubaliane mapema mada tatu au nne tu, na mwandishi asiruhusiwe kuhama kabla jibu halijapatikana au kukwepa hakujatajwa kwa jina lake hewani.

4. Baada ya mahojiano

Jioni ya Jumapili, 30 Juni 2024, siku tano baada ya waandamanaji kuingia Bunge la Kenya wakipinga Muswada wa Fedha, Rais Ruto alihojiwa Ikulu akasema waliokufa ni 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitaja watu 39. Tofauti ya watu ishirini si ya kuachiwa wasomaji wa magazeti wailinganishe wenyewe. Mahojiano yale yapo hadi leo mtandaoni yakiwa na ile 19, na anayeyatazama mara ya kwanza hana namna ya kujua kilichotangazwa kesho yake.

Mahojiano hayamaliziki kwa kushukuru. Kauli za kiongozi zinapaswa kukaguliwa ndani ya saa 24, matokeo yatangazwe kwenye kipindi kilekile na saa ileile, na kwenye video ya kumbukumbu iwekwe alama inayoonekana. Orodha ya ahadi itunzwe ikiwa na tarehe. Mgeni akirudi baada ya mwaka, kipindi kianze na sauti yake mwenyewe ya mwaka uliopita. Hakuna afisa habari anayeweza kulalamika kwamba sauti ya bosi wake ni uchochezi.

Uzito wa kauli moja ya mahojiano hauhitaji kuelezewa sana kwa Watanzania. Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alihojiwa na idhaa ya Kiswahili ya redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Alipoulizwa kuhusu ripoti zake kutofanyiwa kazi, alisema hilo kwake ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba akateuliwa mtu mwingine katika nafasi yake. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Swali lililozaa hayo yote lilikuwa la kawaida kabisa: ripoti zikitoka, kisha nini? Liliulizwa na redio iliyo upande wa pili wa bahari. Vituo vya nyumbani vilikuwa na mkaguzi huyo nchini mwaka mzima.

5. Nani anaitwa, na nani hafiki

Mahojiano yamewaelemea marais, mawaziri na wasemaji wa vyama. Sera hutekelezwa na wengine: makatibu wakuu, wakurugenzi wa halmashauri, wenyeviti wa bodi za mashirika ya umma, mawaziri wa kaunti. Mkurugenzi wa halmashauri anasimamia zahanati, madarasa na mikopo ya asilimia kumi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini yeye huonekana tu akimshikia mkuu wa mkoa mwavuli kwenye ziara. Aitwe. Upinzani nao usihurumiwe. Mwanasiasa anayeahidi kufuta kodi hii na ile aulizwe pengo litazibwa na nini, kwa shilingi, kama anavyoulizwa waziri.

Kuhusu wasiofika, historia ya nchi hizi mbili ina mafunzo yanayotofautiana. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Tanzania baada ya miongo mitatu, wagombea wanne wa urais, Mkapa, Augustine Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa kwenye mdahalo mmoja. Tangu hapo mgombea wa urais wa chama tawala hajarudi kwenye meza ya namna hiyo, na kampeni za 2025 zilipita vilevile. Kenya ilianza kwa kuchelewa, Februari 2013, ikiwa na wagombea wote wanane. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akahojiwa peke yake. Mwaka 2022 Raila naye hakufika, William Ruto akahojiwa peke yake. Hatua ya waandaaji wa Kenya kuendelea na kipindi huku nafasi ya pili ikiwa tupu ndiyo ya kuigwa. Kilichozoeleka kwingine ni kuahirisha, kisha kimya.

Wahariri wanaombwa waache kuahirisha. Kiongozi aliyealikwa mara tatu kwa maandishi asifike, kipindi kifanyike, maswali yake yasomwe moja baada ya jingine, na tarehe za mialiko zitajwe. Hilo lina umuhimu wa pekee Tanzania, ambako matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yaliposimamishwa na televisheni ya taifa Januari 2016, mahojiano yalibaki kuwa miongoni mwa sehemu chache ambazo mwananchi aliweza kumsikia waziri akiulizwa kitu asichokipanga mwenyewe.

6. Lugha

Hoja hii ni fupi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini mahojiano mazito ya sera hufanywa kwa Kiingereza, na msikilizaji wa Kiswahili huachiwa vipande vya sekunde thelathini kwenye taarifa ya saa moja usiku. Tanzania hali ni kinyume: lugha ni Kiswahili ila nyaraka nyingi za kitaalamu ni za Kiingereza, na mtangazaji asiyezimudu huziacha. Vituo vya Kenya viombe saa nzima ya Kiswahili kila kiongozi anapokubali saa ya Kiingereza, na maswali yasiwe mepesi kwa sababu tu lugha imebadilika. Vituo vya Tanzania viajiri au vialike watu wa kuzifasiri nyaraka kabla ya kipindi. Redio ya kijamii inayosikika Kigoma au Kwale haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake.

7. Hofu

Wahariri watajibu kwamba yote haya ni rahisi kuandika. Jibu hilo lina haki yake. Kwanza Online TV ilifungiwa miezi sita mwaka 2019 na miezi kumi na moja mwaka 2020. Oktoba 2024 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications zilisitishwa kwa siku 30. Televisheni kubwa za Kenya zilizimwa tarehe 30 Januari 2018 kwa kuonyesha Raila Odinga akijiapisha, na tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa kuacha kurusha maandamano moja kwa moja. Siku ya uchaguzi wa Tanzania, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa. Anayemwambia mhariri asiogope hana kitu cha kupoteza.

Ila hofu hiyo imekuwa ikibebwa na kila chombo peke yake, na hapo ndipo wahariri wana la kujibu. Kituo kimoja kikikataa kutuma maswali mapema, waziri huhamia kituo cha jirani, na cha jirani humpokea kwa furaha na kumtangaza kama mgeni maalumu. Ushindani huo ndio unaowapa maafisa habari nguvu, kuliko sheria yoyote. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya, na kesi hiyo ilifunguliwa na taasisi kadhaa kwa pamoja. Chombo kimoja kisingeifikisha mbali.

Kwa hiyo ombi la mwisho ndilo linaloshikilia mengine yote. Wahariri wa kila nchi wakutane, waandike masharti yasiyozidi ukurasa mmoja, wayasaini pamoja na kuyatangaza siku moja: hakuna kutuma maswali, hakuna uhariri wa kiongozi, swali la nyongeza ni haki, kauli zitakaguliwa, nafasi ya asiyefika itabaki wazi. Kiongozi anayetaka kusikika akute mlango wa kila kituo una masharti yaleyale. Wakati wa kufanya hivyo upo na ni wa karibu: hotuba za bajeti husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mawaziri watazunguka studio kati ya tarehe hizo mbili wakieleza kodi mpya na miradi mipya. Majibu ya barua hii yanaweza kutolewa wakati huo, hewani, kwa mgeni wa kwanza atakayeingia.

Wasalaam,

Msikilizaji na mlipa kodi,
Morogoro